Mgeni wa Kujitolea na Mkate wa Idi: Mwongozo Kamili kwa Mwenyeji wa Tanga

Saa tisa usiku nikasikia ndoo inakokotwa uani. Nikadhani paka, halafu nikadhani mwizi. Nikatoka na mwiko mkononi, maana ndicho nilichokipapasa kwanza, nikamkuta mgeni wetu, binti wa Kijerumani aliyekuja kujitolea shule ya awali, kajifunga kanga yangu kiunoni anaosha mchele kwa mwanga wa simu. "Mama, ulisema saa tatu," akaniambia.

Nilisema kweli. Nilimwambia mchele tutauloweka saa tatu usiku. Kwao saa tatu ya usiku ndiyo hiyo saa tisa yetu. Kakaa macho mpaka saa hiyo ili asije akaharibu mkate wa watu.

Mimi naoka kwa oda hapa Ngamiani, mjini Tanga: keki za harusi, visheti, mkate wa kumimina, ule wa mchele na tui la nazi. Nimewahi kukaa na wageni wa kujitolea zaidi ya mmoja, na kila mara nikiulizwa na shoga zangu wanaotaka kupokea wao, jibu langu ni lile lile: msimweke mgeni sebuleni mkamhutubia mila. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi wa mjini shamba hatuna, basi mpe mbuzi ya nazi. Na umpe kazi yenye tarehe, yaani sikukuu fulani atakayoshiriki kuiandaa. Haya hapa chini ni namna ninavyofanya mimi, tangu siku anashuka stendi mpaka sahani zinapokwenda kwa majirani.

Kwanza karatasi

Hili nalisema haraka lakini usilipuuze. Viza ya utalii hairuhusu kufanya kazi, hata kazi ya bure. Anayekaa kujitolea kwa muda mrefu anahitaji kibali cha ukaazi daraja C, ambacho ndicho cha wanafunzi, watafiti na watu wa kujitolea. Anayekishughulikia ni taasisi iliyomwalika, si wewe, ila wewe ndiye utakayegongewa mlango. Kwa hiyo omba nakala ya pasipoti na ya kibali, uziweke bahashani. Siku ya pili au ya tatu mpeleke ofisi ya serikali ya mtaa akasalimie na jina lake liandikwe. Mwenyekiti akishamjua, mtaa mzima umemjua, na siku akipotea njia kati ya barabara ya kumi na mbili na ya kumi na tatu, ambazo kwa mgeni zinafanana kama mapacha, watoto watamrudisha wenyewe.

Kuhusu malazi sina mengi: chandarua kisicho na tundu, maji ya kunywa yaliyochemshwa, na ndoo ya kuogea ambayo haitumiki kwa kitu kingine.

Siku mbili za mwanzo: saa, mkono na mlango

Muache alale. Ila kabla hajaanza kazi, kaa naye na saa ya ukutani. Mwambie siku yetu inaanza jua linapochomoza: saa moja asubuhi ni ile anayoiita saa saba. Mwonyeshe ajumlishe au atoe sita. Kisha mjaribu: "Basi linaondoka saa nne asubuhi, wewe utaweka kengele ya simu ngapi?" Akisema kumi, amefaulu. Mimi sikufanya jaribio hilo, ndiyo maana nikatoka na mwiko usiku.

Kupokea na kutoa ni mkono wa kulia. Kwenye mlango wa mtu ni hodi, mara tatu, usipojibiwa unarudi. Viatu vinabaki nje ya mkeka. Shikamoo anayoijua ya kwenye kitabu itamsaidia, lakini mfafanulie inaenda juu tu, kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Yule wangu alikuwa akiwapa shikamoo watoto wa madrasa, nao wakaitika marahaba kwa sauti moja, wamefurahi kama wamepewa cheo.

Jambo gumu kuliko yote ni kukataa chakula. Mgeni wa Ulaya akishiba husema, "Hapana, sitaki." Kwao huo ni ukweli tu, hakuna ubaya ndani yake. Kwetu bibi wa nyumba ya pili ataweka sahani chini na kununa mpaka Ijumaa. Mfundishe aseme, "Ahsante, nimeshiba, Mungu akuzidishie," na aonje japo tonge moja. Kama ni bada na samaki wa kuchoma, mpunguzie tonge. Ugali wa muhogo unahitaji kuzoewa.

Na wewe mwenyeji zoea ya kwake pia. Wajerumani wengi wamezoea mlo wa moto mchana, na jioni mkate na vitu baridi. Yule wangu alishangaa kuona wali, mchuzi na chai ya moto saa mbili usiku, jasho likimtoka. Nikaacha kumlazimisha. Nikawa namwekea mkate wa bofulo, parachichi na chungwa la Muheza, akala akatabasamu.

Chagua sikukuu, kisha hesabu kurudi nyuma

Idi hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka ukiifuata kalenda ya kizungu, kwa hiyo angalia ataikuta Idi ipi wakati wa kukaa kwake. Kama ni nyumba ya Kikristo, Krismasi au Pasaka zinafaa vile vile. Cha maana ni apate wiki nne au tano za maandalizi. Wiki ya kwanza aende sokoni Mgandini na wewe, abebe kikapu, asikilize unavyoomba kupunguziwa bei. Mwache akosee. Wiki ya pili akune nazi kila siku ya wali, hata kama anachukua nusu saa kwa kifuu kimoja. Wiki ya tatu mjaribu mkate, na ikiharibika mnywe nao chai bila kinyongo. Kama sikukuu yenyewe ni Idi el-Fitri, jaribio lifanyike Shaabani, kabla ya vunja jungu. Ramadhani ikishaingia hutakuwa na nguvu za kuelekeza mtu, na mkate wa kujaribu utauonja saa ngapi? Mwambie mapema pia kwamba mwezi huo asile wala kunywa hadharani mchana. Ndani kwako mtengee chakula chake. Wapo wanaoamua kufunga siku moja mbili ili waonje hali. Usimkataze, na usimshindilie.

Mkate wa kumimina, kwa mtu asiyejua "kiasi"

Hapa ndipo nilipogundua kwamba mwanafunzi wangu ni mwalimu. Nilimwambia, "Weka sukari kiasi." Akauliza, "Kiasi ni gramu ngapi?" Nikacheka, yeye hakucheka. Alitoa mizani ndogo ya betri mkobani, akanishika mkono na gao langu la sukari, akapima. Tukapima kila kitu siku ile. Kikombe changu cha mchele kilikuwa gramu 200. Tangu hapo oda zangu zimetulia, siku hizi mkate wa Jumatatu unafanana na wa Alhamisi. Basi vipimo ni hivi:

Mchele vikombe viwili. Tui la kasimile, yaani lile zito la kwanza, kikombe kimoja na robo, ambalo nazi moja kubwa iliyokomaa hulitoa. Hamira ya chenga kijiko kimoja cha chai. Sukari robo tatu ya kikombe. Iliki iliyotwangwa nusu kijiko cha chai. Ute wa yai moja. Samli ya kupaka sufuria.

Mchele uwe wa punje ndefu na uliokaa. Mchele mpya una unyevu na unanata, mkate wake hutoka kama ugali uliotiwa sukari. Uoshe mpaka maji yatoke safi, uuloweke usiku kucha, au saa sita kwa uchache. (Wa saa tisa usiku ulilowana vya kutosha tulipousaga kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo hasara ilikuwa ya usingizi peke yake.)

Kukuna nazi: mkalishe mgeni kwenye mbuzi upande upande kama anavyokaa mwanamke wa Kiswahili, magoti pamoja, kanga imefunika. Mwambie azungushe kifuu, asisukume mkono, na akifika kwenye ule weusi wa ganda aache, la sivyo tui litaingia madoa. Mimina maji ya uvuguvugu kidogo kwenye nazi iliyokunwa, kamua na uchuje kwa kifumbu. Hilo la kwanza ndilo la mkate. Chicha usimwage, kuku wanaisubiri.

Uvuguvugu maana yake kidole kinakaa humo bila kushtuka. Tui la moto linaua hamira, na hakuna dua itakayoifufua.

Chuja mchele maji yote yatoke, usage kwenye blenda pamoja na tui, hamira na iliki. Saga, pumzisha mashine, saga tena. Sasa chovya vidole viwili usugue: ukisikia chenga hata kidogo, rudisha. Mwanafunzi wangu alifumba macho akasugua kidole na gumba, akasema, "Mchanga wa Raskazone." Tukarudisha. Mara ya tatu akasema, "Hariri." Hapo ndipo. Rojo liwe zito kama mtindi unaomiminika, si kama uji wa mgonjwa. Umeme ukikatika katikati, funika bakuli uombe blenda kwa jirani wa upande wenye umeme. Kinu kinaweza, lakini utachujia machozi.

Funika kwa kitambaa, weka mahali pasipo upepo. Kwa joto letu dakika 40 zinatosha mara nyingi. Miezi ya baridi, Juni na Julai, subiri saa nzima. Likiumuka, juu panakuwa na povu na vitundu. Usilipitilize: rojo lililoumuka kupita kiasi huinuka jikoni kwa mbwembwe kisha hubonyea katikati kama godoro la wageni. Likishaumuka ndiyo utie sukari na ute wa yai, koroga taratibu upande mmoja.

Sasa moto, na hapa ndipo wanaojua huachana na wasiojua. Sufuria nene, upana wa shibiri moja. Ipake samli chini na pembeni, iweke juu ya mkaa wa wastani mpaka samli inukie. Mimina rojo, usikie linalia kidogo. Usifunike bado. Tazama: vitundu vitaanza pembeni, vitasogea kuelekea katikati, kingo zitaanza kushika. Hiyo ni kama dakika saba hadi kumi. Katikati pakiwa bado panatikisika, toa mkaa mwingi chini ubaki vipande vitatu vinne, funika kwa sinia la bati, kisha palia makaa juu ya sinia. Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Nilimweleza mgeni kwamba oveni yake ya kwao ina waya juu na waya chini, na hii yetu ni hiyo hiyo, tofauti ni kwamba swichi ni koleo. Akaelewa papo hapo.

Dakika kumi hadi kumi na tano baadaye inua sinia kwa koleo, ukilinyanyua wima bila kuyumba, maana jivu likiingia kwenye mkate umeisha. Rangi iwe ya dhahabu iliyoiva. Choma kijiti katikati, kikitoka kikavu, toa motoni. Halafu subiri. Usiugeuze ukiwa wa moto, utavunjika na matundu yake yatafumba. Ukipoa, pitisha kisu pembeni na uupindue kwenye sahani.

Ukikata ukaona vitundu vinasimama wima kama sega la asali, umefuzu. Ukiwa mzito bila vitundu, hamira ilikuwa mfu, au tui lilikuwa la moto. Ukiungua chini na kuwa mbichi juu, uliogopa kupalia. Wengi huogopa.

Mwache naye aoke cha kwao

Hatua hii wenyeji wengi huiruka, na ni makosa. Mtu aliyefundishwa tu siku zote huchoka moyo. Yule binti alinionyesha biskuti wanazooka kwao wakati wa Krismasi, Vanillekipferl, ambazo huviringishwa zikapindwa. Alipoipinda ya kwanza na kuiweka kwenye trei, mama mkwe wangu akainua shingo: "Huo si mwezi mwandamo?" Tukaamua hapo hapo. Biskuti ya Krismasi ya Ujerumani itakaa kwenye sinia la Idi Ngamiani.

Kwao hutia lozi zilizosagwa. Lozi hapa ni ghali, tukatumia korosho. Unga wa ngano gramu 250, siagi gramu 180, korosho gramu 100, sukari ya unga gramu 80, vanila kijiko kimoja cha chai na chembe ya chumvi. Yai halimo. Korosho zina mafuta, ndiyo maana siagi tuliipunguza kidogo kuliko alivyozoea. Zisage kwa kushtua blenda, bonyeza acha, bonyeza acha. Ukiiacha inguruma tu, utapata siagi ya korosho.

Adui wa kazi hii Tanga ni hewa yenyewe. Siagi huanza kuyeyuka ikifika nyuzi 32 hivi, na kuna siku chumba chetu kinafika huko kabla jiko halijawashwa. Jaribio la kwanza tulilifanya mchana, miezi ikawa mitandio. Dawa yake: kanda alfajiri, haraka, kwa ncha za vidole. Funga unga kwenye nailoni, weka kwenye friji saa nzima. Toa donge dogo dogo, viringisha liwe refu kama kidole cha mwisho, pinda, weka kwenye trei, rudisha trei kwenye friji dakika 20 kabla ya kuoka. Kwenye oveni ni nyuzi 180 kwa dakika 10 hadi 12. Kwenye mkaa, tumia sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, weka vijiwe vitatu, juu yake trei ndogo, funika, palia kidogo tu. Zikianza kubadilika rangi kingoni, toa. Zikiwa za moto hazishikiki, zinavunjika. Zisubiri kidogo zishike, kisha uzipitishe kwenye sukari ya unga zikiwa bado zina joto.

Na kama siku ya kuzaliwa ya mgeni itaangukia kwako, jua mambo mawili. Ujerumani kumpongeza mtu kabla ya siku yenyewe ni nuksi, kwa hiyo usimwimbie usiku wa kuamkia. Na kazini kwao, mwenye siku ndiye anayeleta keki. Sisi keki analetewa, akaikata, akawalisha watu mmoja mmoja mdomoni huku anapigwa picha, na vijana wakammwagia ndoo ya maji. Mwonye kuhusu ndoo. Simu aiache ndani.

Asubuhi ya sikukuu

Usiku mwezi ukiandama kuwe na mchele uliolowekwa tayari. Alfajiri mwache yeye ndiye apalie moto. Wewe simama kando, na ulimi uufunge. Wanaume wakirudi kuswali, sinia liwe mezani: mkate wa kumimina umekatwa pembe, visheti, miezi ya korosho, chai ya tangawizi. Mwandalie noti ndogo ndogo za mkono wa Idi, maana watoto watamfuata yeye kwanza. Sura ngeni huhesabiwa kuwa na fedha.

Halafu sahani za majirani. Hii kazi mpe yeye, peke yake, bila wewe kumshika mkono. Avae vizuri, sahani ifunikwe kawa au kitambaa safi, abishe hodi, aseme, "Idi Mubarak, mama amewaletea." Asiingie asipokaribishwa, na akikaribishwa akae dakika tano. Yule wangu alitoka na sahani sita. Ya kwanza alirudi baada ya dakika kumi, uso umemwiva. Ya mwisho alirudi baada ya saa nzima, na kichwani ana mtandio ambao hakuondoka nao.

Mweleze mapema kwamba sahani hairudi tupu. Atakapoona watoto wanazirejesha zikiwa na kaimati, ndimu, hata kijiko cha sukari kwa nyumba ambayo haikuwa na kitu, asidhani wamekataa cha kwake.

Siku ya kuondoka

Watani husema Tanga waja leo, waondoka leo. Muda wa mgeni nao huisha. Mpe vitu vikavu: iliki, mdalasini, korosho. Nyama na maziwa havipiti mpakani Ulaya kwenye mizigo ya abiria, hata kama ni samli ya bibi, kwa hiyo usimtie hasara. Mwandikie vipimo vya mkate kwa gramu, na umwambie kule atumie tui zito la kopo, aanzie sufuria jikoni mpaka vitundu vitokee, kisha amalizie kwenye oveni nyuzi 180.

Yule wangu aliomba zawadi moja tu, mbuzi ya nazi. Tulimnunulia ya kukunja, tukaifunga meno yake kwa khanga kuukuu. Ukimpa wako, hakikisha inaingia kwenye begi la kupakiwa chini ya ndege. Kwenye begi la mkononi askari ataitoa, na hutakuwepo uwanjani kumweleza ni ya nini.